Foleni ya Daktari na Mshahara wa Mfanyakazi

Katika mikutano ya matawi, baada ya mshahara, jambo linalotajwa mara nyingi ni ugonjwa. Wala si ugonjwa wenyewe tu. Wenzetu wanaokaa Gudele, upande wa magharibi ya mji wa Juba, wametueleza mara kwa mara kwamba taabu yao kubwa ni kumwona daktari siku ile wanayoumwa. Vituo vya afya vipo, zahanati za watu binafsi zipo, na maduka ya dawa yapo kila njia panda. Lakini kutoka kuumwa mpaka kutibiwa kuna foleni, na foleni hiyo hukatwa katika mshahara wa mfanyakazi. Katika makala hii tunataka kueleza foleni hiyo inatoka wapi, sheria zinasema nini, na tawi linaweza kudai nini.

Mfano mmoja

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja wa kiwanda. Jina lake hatulitaji, wala kiwanda chake, kwa sababu habari yake ni habari ya wengi.

Jumatatu usiku alishikwa na homa. Jumanne aliamka saa 11 alfajiri akaenda kituo cha afya, akakuta watu wengi wamekwisha kaa chini ya mwembe. Aliandikiwa namba. Saa 7 mchana waliambiwa kwamba dawa zimekwisha, walio nyuma warudi kesho. Jumatano alirudi. Safari hii aliingia, akatobolewa kidole, akangoja dakika 20, kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa vidonge vya siku 3. Alipoomba karatasi ya kumwonyesha mwajiri, aliambiwa kwamba muhuri umefungiwa kabatini na mkuu wa kituo hayupo.

Alhamisi alikwenda kazini akiwa bado mdhaifu. Msimamizi alikuwa amekwisha kumwandikia utoro wa siku 2. Ukijumlisha mshahara wa siku hizo, nauli ya boda ya kwenda na kurudi mara mbili, na chakula, ugonjwa uliohitaji kipimo cha dakika 20 na vidonge vya siku 3 ulimla sehemu nzima ya mshahara wa mwezi. Wala hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Mganga alifanya kazi yake, na msimamizi alifuata kanuni aliyopewa. Kosa liko katika mpango wenyewe, na mpango huweza kubadilishwa.

Daktari wa familia ni nani?

Wenzetu waliopata kuishi Ulaya husimulia habari za daktari wa familia. Huko Uingereza, tangu huduma ya afya ya taifa ilipoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, kila mkazi huweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa wake. Huyo ndiye humwona kwanza, humjua yeye na watoto wake, na humpeleka hospitali ikihitajika. Mgonjwa hupewa miadi, yaani siku na saa ya kuonana naye.

Yafaa tuseme wazi kwamba hata huko foleni ipo. Kwa miaka mingi Waingereza wamelalamika kwamba inawapasa kupiga simu wote pamoja saa 2 asubuhi, na kwamba baada ya dakika chache nafasi za siku hiyo huwa zimekwisha. Mwaka 2023 masharti ya madaktari wa mitaa katika nchi hiyo yalibadilishwa ili mgonjwa asiambiwe tu apige simu tena kesho.

Kwetu sisi kazi ya daktari wa familia hufanywa na watu wengine. Hufanywa na tabibu wa kituo, nesi, mkunga, na mhudumu wa afya wa mtaani. Tabibu si daktari aliyesoma chuo kikuu miaka mingi, lakini amefundishwa kutibu magonjwa yanayotusumbua zaidi: malaria, kuhara, kikohozi, vidonda, homa za watoto. Mfanyakazi anayesema "sitaki tabibu, nataka daktari" kwa kila homa hujiongezea safari na hungoja zaidi bila faida.

Fikira hii si ngeni. Mwaka 1978 wajumbe wa nchi za dunia walikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule, wakakubaliana kwamba afya ya msingi iwe karibu na watu wanapoishi na wanapofanya kazi. Sudan ya Kusini nayo ilikuwa na mpango wa afya ya msingi wa miaka ya 1977/78 hadi 1983/84. Lakini mwaka 1983 vita vilirudi, na kazi nyingi iliyoanzwa ikakatika.

Siku hizi mpango wa Sudan Kusini una ngazi. Ngazi ya chini ni wahudumu wa afya wa boma. Juu yake ni kituo kidogo, kinachokusudiwa kuhudumia watu wapatao 15,000, kisha kituo kikubwa cha watu wapatao 50,000, kisha hospitali. Katika mji wa Juba hospitali kubwa ya rufaa ni Juba Teaching Hospital, na ya watoto ni Al Sabah. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 kinazitaka serikali za ngazi zote zitoe bure huduma ya afya ya msingi na huduma ya dharura kwa raia wote. Basi mfanyakazi anayedai matibabu ya mapema anadai jambo ambalo nchi yake imekwisha kuliandika.

Kwa nini foleni ni ndefu?

Sababu ni nyingi, lakini nne ndizo kubwa.

Ya kwanza ni upungufu wa watumishi na mishahara yao. Matabibu na manesi ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta kupasuka huko Sudan na mapato ya serikali kuanguka, watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Nesi asiyelipwa atatafuta riziki mahali pengine. Atafanya kazi asubuhi katika zahanati ya mtu binafsi, au atauza sokoni. Tunapokuta kiti cha mganga kitupu, tujiulize mara ya mwisho alilipwa lini.

Ya pili ni kutegemea misaada. Kuanzia mwaka 2012 hadi mwaka 2024 vituo vingi vya afya vya nchi hii viliendeshwa kwa msaada wa mfuko wa pamoja wa wafadhili, Uingereza ikiwa mbele. Mfuko huo ulipopunguzwa, dawa na posho zilipungua. Baadaye mpango mwingine ulishika nafasi yake. Lakini kituo kinachotegemea fedha ya mbali hakiwezi kujua mwaka ujao kitakuwa na dawa kiasi gani.

Ya tatu ni mji wenyewe. Gudele ilipanuka sana baada ya amani ya mwaka 2005. Watu walirudi kutoka Uganda, Kenya, Khartoum na vijijini, wakajenga. Nyumba zilitangulia, huduma zikabaki nyuma. Wakati wa masika njia za ndani hugeuka matope, boda hupandisha nauli, na ndio wakati huo huo malaria huzidi.

Ya nne watu wengi hawaifikirii, nayo ni kwamba sote tunafika saa moja. Kwa nini? Kwa sababu tunajua dawa huisha mchana. Basi kila mtu hujaribu kumtangulia mwenzake. Tufanye hesabu. Tuseme tabibu mmoja hutumia dakika 6 kwa mgonjwa. Kwa saa moja ataona wagonjwa 10, kwa saa 5 ataona 50. Wakija 90 alfajiri, 40 watarudi nyumbani. Kesho hao 40 watakuja mapema zaidi, na wengine wapya wataongezeka. Hivyo foleni ya Jumatatu haiishi Jumatatu. Na wengine wakichoka huenda moja kwa moja hospitali kubwa mjini kwa homa ndogo, wakawa mbele ya mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa au mtu aliyevunjika mguu.

Sheria na ile karatasi

Sasa tuje kwenye mshahara. Nchi zote za jirani zina sheria ya likizo ya ugonjwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyekwisha kutumika miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za mshahara kamili, na siku nyingine 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2004 hutoa siku 126 katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2006 hutoa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Sudan Kusini nayo inaitambua likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2017.

Lakini tazameni sharti linalofuatana na haki hizo. Mwajiri anaweza kudai cheti cha mganga, ile karatasi ambayo wenzetu wa Tanzania huiita ED. Asiyemwona mganga hana karatasi. Asiye na karatasi ni mtoro. Kwa hiyo haki inayotolewa na sheria kwa mkono wa kulia huchukuliwa na foleni kwa mkono wa kushoto. Anayeumia zaidi ni kibarua wa kutwa, kwa sababu yeye hata nusu siku ya kungoja ni siku nzima iliyopotea, na kesho huenda akakuta mtu mwingine ameshika jembe lake.

Huko Uingereza tatizo hili liliangaliwa zamani. Tangu mwaka 1982 mfanyakazi anayeumwa siku zisizozidi 7 hujaza tamko lake mwenyewe kwamba alikuwa mgonjwa. Cheti cha daktari hutakiwa ugonjwa ukizidi hapo. Sababu yake ni rahisi. Haifai mtu mwenye mafua akae katika foleni akitafuta karatasi tu, huku akichukua nafasi ya mgonjwa anayehitaji dawa.

Tawi lidai nini?

Hatuwezi kuongeza madaktari kwa barua ya tawi. Lakini yapo mambo ambayo mwajiri anaweza kuyakubali bila kungoja serikali, nayo yafaa yaandikwe katika mkataba wa pamoja:

(a) Tamko la mfanyakazi. Kwa ugonjwa wa siku 1 au 2, mfanyakazi ajaze fomu mwenyewe na kutia sahihi, shahidi wake akiwa mjumbe wa tawi. Cheti kitakiwe kuanzia siku ya 3.

(b) Karatasi ya kuhudhuria. Mwajiri akubali karatasi fupi iliyotiwa sahihi na mtumishi yeyote wa kituo, awe nesi au karani wa namba, ikionyesha siku na saa ambayo mfanyakazi alikuwapo. Saa alizongoja zisihesabiwe kuwa utoro.

(c) Mapatano na kituo cha karibu. Kiwanda kipatane na zahanati au kituo kimoja, kilipie, na kitengewe saa maalumu, tuseme saa 9 mchana, kwa wafanyakazi wake. Hii ndiyo miadi yetu. Haipunguzi haki ya wananchi wengine, kwani huondoa watu wetu katika msongamano wa alfajiri.

(d) Siri ya mgonjwa. Zahanati inayolipwa na mwajiri isimpe mwajiri habari za ugonjwa wa mtu. Karatasi iseme "hawezi kazi siku kadha", basi. Ikiandika kifua kikuu, mimba au virusi vya ukimwi, kesho inaweza kuwa karatasi ya kufukuzia watu kazi. Katika jambo hili tawi lisilegee hata kidogo.

(e) Ajali za kazini. Aliyekatwa na mashine au kuunguzwa na dawa za shambani asitiwe katika hesabu ya likizo ya ugonjwa. Huyo ni mwenye madai ya fidia. Mwajiri awe na sanduku la huduma ya kwanza lisilo tupu, na gari la kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wenzetu wa mashamba makubwa tunaongeza neno moja. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1958, unahusu mashamba ya chai, kahawa, miwa, mkonge na mengineyo, nao una sehemu nzima juu ya matibabu ya wafanyakazi na jamaa zao. Makampuni ya chai huko Kericho, Kenya, yalijenga zahanati na hospitali ndani ya mashamba yao, kwa kuwa yalitambua kwamba mchumaji mgonjwa hachumi. Msimamizi akiwaambia kwamba zahanati ya shamba ni hisani ya tajiri, mwambieni kwamba ni sehemu ya kazi, kama ilivyo panga na kikapu.

Waajiri watasema: "Mkipewa tamko, watu watadanganya." Tusikatae kwamba wadanganyifu wapo. Wapo wachache miongoni mwetu ambao huumwa kila Jumatatu. Lakini hata leo karatasi hununuliwa, na kila mtu anajua. Dawa ya udanganyifu ni kuhesabu: anayetumia tamko mara nyingi kuliko kawaida aitwe mbele ya mjumbe wa tawi na msimamizi, aulizwe. Huenda ni mwongo. Huenda pia ana ugonjwa wa muda mrefu ambao hajathubutu kuusema. Tawi likiwatetea waongo, litakosa nguvu ya kuwatetea wagonjwa.

Wewe mwenyewe ufanye nini?

Wakati tunadai hayo, kila mmoja wetu anaweza kupunguza hasara yake.

Toa habari mapema. Mara uonapo huwezi kwenda kazini, mpelekee msimamizi ujumbe wa simu au mtume mwenzako. Usiufute ujumbe huo. Ni ushahidi wako.

Tunza daftari la matibabu. Tunalinunua dukani kwa fedha kidogo, kisha tunalipoteza. Daftari lenye tarehe, kipimo na dawa ulizopewa humwokolea tabibu muda, na likikosekana lile karatasi lenye muhuri, daftari nalo ni shahidi.

Usinunue dawa bila kupima. Mtu akichoka na foleni huenda duka la dawa akasema "nipe ya malaria na taifodi". Huenda hana yoyote kati ya hizo. Fedha hupotea, ugonjwa wa kweli hubaki, na baada ya siku 4 hurudi kwenye foleni ile ile akiwa na hali mbaya zaidi. Omba kipimo cha malaria kwanza.

Jua ugonjwa usiongoja foleni. Mtoto mwenye degedege, au anayepumua kwa shida, au asiyeweza kunyonya wala kunywa. Mjamzito anayetoka damu, au anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona giza. Mtu mwenye homa anayepotewa na fahamu. Anayehara maji mfululizo mpaka macho yanaingia ndani. Hao wasiandikiwe namba. Piteni mbele mseme wazi, na watu walio katika foleni wawapishe. Kama kituo hakiwezi, twendeni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Neno la mwisho

Ndugu wafanyakazi, tukiwa katika foleni ni rahisi kumtukana nesi. Yeye ndiye tunayemwona. Lakini yeye naye ana watoto, naye husubiri mshahara usiofika. Mwezi Aprili mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Serikali inayowakopa matabibu mishahara yao haiwezi kuwa na foleni fupi. Kwa hiyo chama chetu kinapodai tiba ya wafanyakazi, hakina budi kudai pia mishahara ya wale wanaotutibu. Madai hayo mawili ni dai moja.

Tunawaomba makatibu wa matawi ya Gudele na kwingineko wafanye kazi moja ndogo mwezi huu. Kila tawi lifungue daftari, na kila mwanachama aliyeugua aandikishe mambo manne: siku aliyoanza kuumwa, siku aliyotibiwa, saa alizongoja, na fedha alizokatwa. Baada ya miezi 3 tutakuwa na hesabu yetu wenyewe ya kuweka mezani mbele ya waajiri. Mwajiri huweza kukataa malalamiko, lakini hesabu iliyoandikwa itamlazimu kujibu.

Umoja ni nguvu.